Risasi imekwama katikati ya mtutu wa gobore langu, nifanyeje?

MtuWaMahenge:
Wakuu habari za Jumapili. Wakubwa shikamooni.

Niko Ohio mwaka wa sita huu. Jirani yangu, mzee wa Kizungu mstaafu, amehamia kwa binti yake, na kabla hajaondoka akanigawia bunduki yake ya kushindilia kwa mdomo. Yaani gobore, ila hili ni la kiwandani: kaliba .50, la fataki, nyundo iko ubavuni, mtutu una mifereji kwa ndani. Akanipa na kopo la baruti nyeusi ya FFg (ndiyo alama ya ukubwa wa punje zake), risasi za duara za inchi 0.490, kijaluba cha fataki namba 11 (vile vikofia vidogo vya kuwashia baruti) na pembe ya ng'ombe ya kuwekea baruti. Kozi ya uwindaji nimeshamaliza. Januari huku kuna msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki za aina hii, nikasema ngoja nijifunze.

Jana nikaenda uwanja wa shabaha. Risasi nne za mwanzo, raha tupu. Moshi kama umechoma tanuri la mkaa. Ya tano ikaanza kugoma. Nikasukuma mpaka jasho likanitoka, ikagota katikati ya mtutu. Haishuki, haipandi, na baruti iko chini yake. Nikaondoa fataki, nikairudisha nyumbani hivyo hivyo, iko gereji.

Naomba kujua: nikiifyatua si itatoka yenyewe? Na usafi wake unafanywaje? Leo asubuhi naona mdomo wa mtutu una kitu chekundu kama vumbi la tofali. Halafu mama watoto analalamika gereji inanuka mayai viza.

BabuFataki:
USIFYATUE. Nimeandika kwa herufi kubwa ili ulisome hata kama hutasoma mengine.

Risasi ya gobore lazima ikae juu ya baruti, zigusane. Ukiacha nafasi kati yao, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka, na uso wako uko sentimita chache tu kutoka hapo. Fanya hivi: toka nje, mdomo wa mtutu uelekee upande salama muda wote, usikae mbele yake hata kwa sekunde. Fungua kile kinundu kinachovalishwa fataki. Mimina maji kwenye tundu lake mpaka yajae, acha yaloweshe baruti usiku kucha, kesho yake ongeza mengine. Baruti nyeusi ikilowa imekwisha kazi.

Ukishakuwa na hakika imelowa, nunua skrubu ya kuvutia risasi, inafungwa kwenye ncha ya mdeki, ile fimbo ya kushindilia. Tumia mdeki wa chuma au shaba, siyo ule wa mti. Risasi ni laini, skrubu itazama, kisha unavuta. Wapo wanaotumia kifaa cha gesi ya kaboni dayoksaidi kinachosukumia kwenye kile kinundu, nacho ni kizuri. Ikishindikana yote, peleka kwa fundi na umwambie tangu mlangoni kwamba ina baruti.

Halafu nijibu: kati ya risasi moja na nyingine ulipangusa mtutu?

MtuWaMahenge:
Kupangusa? Hapana babu. Nilijua ni kumwaga, kushindilia, kupiga.

BabuFataki:
Basi jibu unalo.

Dada_wa_Columbus:
😂😂 Mwenzenu mume wangu alifanya hivyo hivyo, ila yeye alisahau baruti kabisa, akashindilia risasi peke yake halafu akashangaa kwa nini bunduki inasema "ta" tu. Pole kaka. Ila mtoe hilo dude gerejini, watoto wanapita hapo.

MkulimaIndiana:
Babu kamaliza la hatari, mimi niongezee la kwa nini, maana ukilielewa hutarudia.

Baruti nyeusi ni shura, mkaa na kiberiti. Ikiwaka, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa. Inabaki chembe ngumu: nyingine ndiyo ule moshi mweupe ulioufurahia, nyingine inaganda ndani ya mtutu, hasa kwenye ile mifereji. Risasi ya kwanza haina shida. Ya pili unaisikia kidogo. Ya tano ndiyo hiyo. Na harufu ya mayai viza ni kile kiberiti. Huo uchafu unavuta unyevu hewani kama chumvi iliyoachwa wazi masika, ndiyo maana usiku mmoja tu ukaona kutu.

Kwa hiyo ukipiga moja, pitisha kiraka cha pamba kilicholoweshwa kidogo (wengine wanatemea mate tu, na inafanya kazi), geuza, kisha kikavu. Kidogo, nasema. Ukikichuruza maji, yanashuka kwenye chumba cha baruti na risasi inayofuata haitawaka.

Siku ya kupiga, anza kwa kutoa mafuta yote mtutuni kwa kiraka kikavu. Kisha valisha fataki bila baruti, elekeza mdomo karibu na majani, piga. Majani yakitikisika njia iko wazi. Yakitulia, mafuta yameziba. Mimi hupiga mbili hivyo. Baada ya hapo mimina baruti kwenye kipimo, na kutoka kwenye kipimo ndipo uingize mtutuni. Usimimine moja kwa moja kutoka kwenye pembe, hata siku moja! Cheche ikiwa imebaki chini ya mtutu inapanda mpaka kwenye pembe, na pembe iko mkononi mwako. Kwa hiyo .50 yako na risasi ya duara anzia greni 50 au 60 za ujazo (greni ndiyo alama zilizo kwenye kipimo cha baruti), usikimbilie nyingi. Kiraka cha pamba chenye unene wa inchi 0.015, kipake mafuta ya mnyama au nta, risasi juu yake, shindilia.

Mdeki ushike karibu na mdomo wa mtutu, sukuma kwa hatua fupi fupi. Watu wanaoushika juu kabisa na kuegemea kwa nguvu, mti unavunjika na kipande kinaingia kiganjani. Na risasi ikishakaa vizuri juu ya baruti, chora alama kwenye mdeki usawa wa mdomo wa mtutu. Alama hiyo ndiyo itakayokwambia kila mara kama risasi imefika. Jana ungekuwa nayo, ungejua mapema kwamba hujafika.

Fataki ni ya mwisho kabisa, bunduki ikiwa imeelekea shabaha. Ukipiga isiwake, usiishushe, hesabu mpaka 60. Kuna zinazochelewa. Na ile baruti ya kisasa isiyo na moshi, ya risasi za kawaida, usiitie hata chembe. Inapasua mtutu.

Ukipata nafasi, njoo Friendship, mji wa huku kwetu Indiana. Chama cha taifa cha bunduki hizi, kilichoanzishwa 1933, kina uwanja wake hapo, na mashindano yanafanyika Juni na Septemba. Wazee wa pale wanafundisha bure ukiwasikiliza.

MtuWaMahenge:
Asante sana mkuu. Usafi sasa?

MkulimaIndiana:
Siku hiyo hiyo. Siyo kesho, siyo baada ya mpira.

Nyingi za aina yako mtutu unatoka: gonga kile kipande bapa cha chuma kinachopita kwenye mti, kikitoka unanyanyua mtutu. Ndoo yenye maji ya moto na sabuni kidogo ya vyombo, tumbukiza ule upande wa kinundu, ingiza kiraka kwa juu na upampu kama unajaza baiskeli upepo. Maji yanaingia na kutoka kwenye tundu la kinundu. Ya kwanza yatatoka meusi ti kama maji ya kuoshea jungu la makande. Badilisha. Ya tatu yakitoka meupe, suuza, kausha kwa viraka mpaka kimoja kitoke kikavu kabisa, paka mafuta. Kesho yake pitisha kiraka tena. Kikitoka na rangi ya chai, rudia.

Lancaster_TZ:
Hapo kwenye maji ya moto mimi nakataa. Ya moto sana yanaleta kutu ile ya ghafla, chuma kinageuka rangi mbele ya macho yako. Mimi natumia ya vuguvugu, mwaka wa nane huu, mtutu unang'aa. Na mimi ni wa gumegume, zile zinazowashwa kwa cheche ya jiwe badala ya fataki. Pennsylvania msimu wetu wa baada ya Krismasi ni wa bunduki za gumegume tangu 1974. Kwa faida ya wengine: Pyrodex, ile inayouzwa badala ya baruti nyeusi, haifai kwa gumegume, inahitaji joto zaidi kuwaka. Na asidhani kwamba kwa kuwa ni badala ya baruti haina kutu. Inayo.

MkulimaIndiana:
Ya moto yanakauka haraka, ndiyo faida yake. Ila sawa, tusigombane, mradi ayatumie.

Msongea:
Nawasoma tu nacheka. Babu yangu alikuwa na gobore, alilisafisha kwa maji ya moto na majivu, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuligusa. Wengi hawajui kwa nini wazee wetu walibaki na hizi wakati wenzao wana bunduki za kisasa. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana Brussels kuzuia bunduki za kisasa zisiingizwe sehemu kubwa ya Afrika, ila yakaacha mlango kwa zile za gumegume zisizo na mifereji, na baruti ya kawaida. Hesabu yao ilikuwa wazi.

Vijana mliopo nyumbani Tanzania msimwige huyu. Sheria ya silaha ya 2015 inataka leseni, gobore la kienyeji ni kesi. Nawe wa Ohio, usivuke jimbo nalo bila kuuliza, sheria zinatofautiana.

MtuWaMahenge:
Mrejesho. Maji siku mbili, skrubu, kuvuta kwa dakika kama ishirini, ikatoka. Imebonyea kichwani na ina tundu la skrubu, kiraka kimelowa na kimekuwa cheusi kingo. Nimeiweka dirishani. Mtutu nimeosha mara tano (vuguvugu, samahani Mkulima), kutu ilikuwa ya juu juu, imeondoka, imebaki alama ndogo karibu na mdomo. Mdeki nimeuchora kwa kisu.

Tatizo lililobaki: nilitumia ndoo ya mama watoto ya kufulia.

Dada_wa_Columbus:
Mnunulie mbili.