Yule wa "ajilaumu mwenyewe" leo amevuka mpaka

LamiMoto (mleta uzi):
Wakuu, simtaji. Mnamjua. Kila uzi wa ajali yeye hufika kabla ya trafiki, kabla ya gari la wagonjwa, hukumu ikiwa tayari mkononi. Leo mtu kaweka picha ya kivuko ambacho mistari yake imefutika, anauliza tu kwa nini hakipakwi rangi. Bwana yule akajibu maneno matatu: "Akigongwa ajilaumu mwenyewe." Chini yake kikatuni cha kucheka hadi machozi.

Kikatuni! Cha kucheka! Kwenye kivuko!

Haya, tupige hesabu. Gari la spidi 50 linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva aliye makini anahitaji kama sekunde moja kuona, kuamua na kukanyaga. Mita 14 zimekwenda, breki hazijashika chochote. Zikishika kwenye lami kavu, weka nyingine 14 hivi. Jumla 28. Lami ikilowa na tairi zikiwa vipara, zile 14 za pili zinaweza kukaribia mara mbili. Ukipanda hadi 100, breki peke yake zinataka mara nne ya umbali ule, kwa sababu nguvu ya mwendo inakua kwa mraba wa spidi. Sasa mtu aliyeshafika katikati ya barabara ajilaumu kwa lipi? Kwa kutoota mbawa?

Na dereva akiinamia simu sekunde 2 tu kwa spidi hiyo ya 50, gari limejiendesha mita 28. Yaani nafasi nzima ya kusimama imeisha kabla hajainua kichwa.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani una ibara ya 20 ya watembea kwa miguu na ibara ya 21 ya madereva dhidi ya watembea hao. Zimefuatana. Yeye kasoma ya kwanza akafunga kitabu. Halafu anacheka.

NjiaPanda:
Nakazia, mkuu. Na hajagusa ajali mbaya kuliko zote za kivukoni: barabara ya njia mbili kwenda upande mmoja. Gari la kwanza linasimama, mtembea anaanza kuvuka, la pili linapita pembeni ya lililosimama bila kupunguza. Mtembea hakuliona, dereva hakumwona, wote wamezibwa na gari lilelile. Ukiona gari limesimama kabla ya kivuko, usiliovateki. Nawe uliyesimama, simama mita kadhaa nyuma ya mistari, usiilalie, ili wa pembeni aone nani anavuka. Mtembea naye akifika ukingo wa gari lililosimama, atulie, achungulie njia ya pili, ndipo aendelee.

Kipima_Mwendo:
Mleta uzi, punguza povu. Kikatuni kimoja umekiandikia waraka. Mbona watembea huwagusi? Mtu mzima anatembea kama mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya mita 7 inamchukua sekunde 6 hivi. Gari la spidi 60 ndani ya sekunde 6 linakuja mita 100. Kwa hiyo ukiona gari liko mita 60 ukajisemea "nawahi", huwahi, unamtegemea dereva akuokoe. Wazee na wenye mizigo wanataka sekunde 8 au 9, nao ndio wanaoharakishwa na wenzao. Na barabara isiyo na njia ya miguu, tembea upande unaoyakabili magari, uone kinachokuja. Wengi wanayapa mgongo, masikioni wameziba na muziki.

LamiMoto (mleta uzi):
Kipima_Mwendo, hayo yote nakubali, hata mia kwa mia. Lakini wewe umeleta mita na sekunde. Yeye kaleta kikatuni cha kucheka! Hapo ndipo panapoungua.

MamaWawili:
Jamani, watoto mnawasahau. Mtoto akitokea kati ya magari mawili yaliyoegeshwa, kichwa hakifiki usawa wa boneti. Dereva hamwoni mpaka ameshatoka, na mtoto hana uwezo wa kukadiria spidi ya gari. Sasa huyo naye ajilaumu? Penye magari yameegeshwa na nyumba karibu, spidi 30 inatosha, usizidishe. Kwa 30, mita 13 hivi unasimama. Kwa 50, pale ambapo mwenzako ameshasimama, wewe ndiyo kwanza mguu unafika kwenye breki, na unagonga kwa spidi ileile ya 50.

Usiku_Mnene:
Mnaongea mchana tu. Usiku aliyevaa nguo nyeusi kwenye taa za chini anaonekana mita 30 hivi. Gari la spidi 80 linataka zaidi ya 50 kusimama. Jumlisha wenyewe. Kipande cha kitambaa kinachoakisi mwanga kwenye kifundo cha mguu kinaonekana zaidi ya mita 100, na mguuni ni bora kuliko kifuani kwa sababu mguu unacheza. Dereva naye apunguze spidi ilingane na mwanga alionao.

TaaFulu_Sitaki:
Afadhali umetaja taa! Tatizo kubwa la usiku ni hawa wa taa kali. Wanabandika balbu za LED kwenye taa iliyotengenezewa balbu za halojeni, mwanga unatawanyika hadi kwenye matawi ya miti. Anayekuja mbele anapofuka sekunde kadhaa, na ndani ya sekunde hizo mtu anavuka.

Basi_Mlangoni:
Taa tisa, mabasi kumi. Basi linasimama juu ya kivuko chenyewe, abiria wanashuka na kukatiza mbele ya pua ya basi. Dereva wa basi yuko juu, hamwoni aliye chini ya kioo. Anayelipita basi naye haoni kitu. Kituo kikae baada ya kivuko, si kabla, na abiria asubiri basi liondoke ndipo avuke.

Usiku_Mnene:
TaaFulu, LED si sababu pekee. Wengi taa zao zimeinuka tu. Egesha mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, pima urefu wa katikati ya taa kutoka chini, weka alama ukutani. Ukiwasha taa za chini, ukingo wa juu wa mwanga uwe kama sentimita 10 chini ya alama hiyo. Haukushuka, zungusha skrubu nyuma ya taa.

TaaFulu_Sitaki:
Na wanaojaza buti? Nyuma inalala, pua inainuka, taa zinapiga usoni hata kama ulizipima jana.

Usiku_Mnene:
Magari mengi yana kigurudumu kidogo karibu na swichi ya taa, kina namba 0 hadi 3 au zaidi. Kadiri namba inavyopanda, mwanga unashuka. Ukishapakia, panda namba. Buti likiwa tupu rudisha 0, la sivyo utakuwa unamulika tairi la mbele.

Basi_Mlangoni:
Hakuna anayenijibu kuhusu vituo vya mabasi?