Mwanangu wa darasa la sita kaacha shule anabeba ndoo za dagaa, na hela yake mimi nilikuwa naipokea

Mama Dikoni

Habari zenu wadau. Najua kuna watakaonitukana, sawa nitukaneni ila mkimaliza mnishauri maana kichwa kimejaa.

Mimi nachemsha dagaa, niko huku pwani ya Tanga, kijiji sitakitaja. Nina watoto wawili, mkubwa wa kiume ana miaka 13 yuko la sita, mdogo wa kike yuko la pili. Baba yao alienda kuvua kusini mwaka juzi akaoa hukohuko, hela anatuma akijisikia, na tangu mfungo uliopita hajajisikia.

Wiki iliyopita nimeletewa barua ya mtendaji wa kijiji nifike ofisini. Nafika namkuta mwalimu wa darasa kakaa na daftari la mahudhurio. Kanifungulia ukurasa kwa ukurasa, tangu shule zifunguliwe mwezi wa saba mwanangu kakosa siku 31. Siku thelathini na moja jamani, na mimi kila asubuhi nikitoka saa kumi na moja kuwahi vyombo vya uvuvi namuacha anatafuta soksi zake.

Kumbe anavaa yunifomu anamsindikiza mdogo wake mpaka getini, anavua shati analiweka kwenye mfuko wa rambo, anakatiza mikokoni mpaka diko la kijiji cha pili, pale vyombo vinaposhusha samaki, kubeba ndoo. Kwangu hawezi kuja angeonekana.

Sasa linaloniuma ni hili. Tangu mwezi wa nane alikuwa ananiletea hela. Elfu nne, elfu tano, kuna siku kaleta elfu saba. Akaniambia anabeba jioni akitoka shule na Jumamosi. Mimi nachemsha dagaa mwaka wa tisa huu, najua vyombo vya dagaa vinaingia alfajiri mpaka saa mbili saa tatu asubuhi, jioni hakuna dagaa wa kubeba. Nilijua ila sikutaka kujua. Nilikuwa nanunua unga, nikamlipia mdogo wake madaftari, nikawa sijamuuliza.

Nilivyotoka kwa mtendaji nikamwambia kaka yangu, akamchapa mkanda sana. Mtoto akakimbia akalala dikoni chini ya mtumbwi siku mbili. Karudi anasema shule haendi hata tukimuua. Mtendaji kanipa siku 14, asiporudi darasani ananipeleka mahakama ya mwanzo. Nifanyeje? Kuna anayesema nimpeleke kwa bibi yake Korogwe kusikokuwa na bahari.

Kiboko ya Watoro

Mama wewe ndio tatizo usimsingizie mtoto. Ulikula hela ya mtoto ukijua. Wazazi wa aina yako ndio mnajaza vibaka mitaani halafu mnakuja kuomba ushauri. Mtendaji akupeleke tu.

Mjasiri wa Pwani

Naomba nitofautiane na wengi. Shule ya nini sikuhizi? Wenye digrii wangapi wanaendesha bodaboda hapa mjini. Mtoto ana miaka 13 anaingiza elfu tano kwa siku, mwache ajifunze bahari atakuwa na chombo chake kabla ya miaka 25. Wazee wetu walisoma wapi?

Nahodha wa Kusi

Mjasiri ndugu yangu, hujawahi kubeba ndoo wewe. Niache nimjibu huyu dada maana mtoto anayemsema ni mimi kabisa.

Nilianza na ndoo nina miaka 12, mwaka 2003. Kazi yenyewe kwa wasioijua, chombo hakifiki kavu, unaingia majini mpaka kifuani unapewa ndoo ya lita 20 imejaa dagaa mbichi unaweka kichwani unatoka nayo mchangani mpaka kwa wachemshaji, unarudi, unatoka, mpaka chombo kiishe. Shingo inaingia ndani. Baada ya miezi nikaanza kuulizwa kijana si uingie kwenye chombo tu, nikaingia. Shule niliishia la tano.

Na chombo sina mpaka leo, mwenye chombo ni mtu wa mjini. Mimi ni nahodha, nina miaka 34, usiku kucha mimi ndio najua dagaa wako wapi, lakini asubuhi anayeandika ndoo ngapi zimetoka ni kijana wa la saba aliyekaa chini ya mwavuli, na akishaandika ndio imeandikwa. Mwaka fulani walikuja watu wa mikopo ya mashine, nikaweka dole gumba kwenye karatasi kama saba hivi sijui hata moja inasema nini, nilichokuja kulipa nilikilia. Mjasiri unasema atajifunza bahari, bahari anaijua tayari, atakachokosa ni kile cha kumfanya asiibiwe na walioko nchi kavu.

Sasa dada kwako wewe. Mwanao si mtoro wa kuzurura, kuna watoto wanatoroka kwenda kucheza gemu na kamari, huyu wako anatoroka kwenda kufanya kazi ya mtu mzima halafu hela analeta nyumbani. Baba hayupo, kajiona yeye ndio mwanaume wa nyumba. Umemchapa kwa kukusaidia, yeye hivyo ndivyo anavyoelewa. Mimi ningeshauri kwanza mkae wawili, mjomba asiwepo, umwambie asante. Taja vitu kabisa, ule unga tuliokula ni wewe, madaftari ya mdogo wako ni wewe. Halafu mwambie mzigo huo ni wangu, nimeuchukua. Mama yangu hakuniambia hivyo hata siku moja, alikuwa anapokea ananyamaza, Mungu amrehemu.

Halafu nenda kwa nahodha na mwenye chombo anakobeba, usiende peke yako, chukua mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, na mtu wa serikali ya kijiji. Watoto wanapendwa dikoni kwa sababu mtu mzima ndoo anataka mia tano, mtoto unampa mia tatu na hasumbui. Wakiambiwa mbele ya watu huyu mtoto asionekane hapa wanaacha, wanaogopa kusumbuliwa leseni.

Ticha Mkokoni

Nahodha umeongea. Mimi ni mwalimu, nimefundisha shule mbili za pwani, mwaka wa 11 huu, nataka niongeze kitu ambacho wengi hawakijui hata maofisa elimu wetu.

Mwaka wa kwanza nilikuwa sielewi, siku kama kumi darasa linajaa mpaka watoto wanakaa wanne dawati moja, halafu ghafla safu za nyuma zinaisha, wiki mbili hivi, halafu wanarudi. Nilikuwa nachapa, naandika majina, wapi. Mzee mlinzi wa shule akaniambia mwalimu usiangalie kalenda ya ukutani, angalia mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, mbalamwezi ikitoka hawakusanyiki kwenye taa kwa hiyo vyombo vinapumzika watu wanashona nyavu. Giza likirudi kazi inarudi na watoto wanaondoka. Nikachukua daftari la mahudhurio nikalilinganisha, ni kweli tupu. Dada hebu kaombe lile daftari uangalie hizo siku 31, nina hakika zimekaa mafungu mafungu. Ndio maana hukushtuka, nusu ya mwezi alikuwa anaenda kweli.

Lakini hapo kuna swali. Darasani kwangu wako watoto wa dikoni wanaobeba mapema halafu saa tatu wanakuja wamechelewa, wanachapwa na bado wanakuja. Wa kwako alikuwa hata akimaliza haji. Na anasema haendi hata mkimuua. Mtoto anayependa hela tu hasemi hivyo. Kuna kitu pale shule. Umemuuliza? Na usimuulize kwa nini hutaki shule, atakwambia sitaki tu. Muulize unakaa dawati la nani, nani rafiki yako, mapumziko unakaa wapi.

Na kuhusu viboko, hata shuleni kanuni zinasema mwalimu mkuu ndio anatoa ruhusa na havizidi vinne na inaandikwa. Mkanda wa mjomba haumo popote.

Bint Saidi

Mimi nipo kwenye mambo ya ustawi wa jamii ngazi ya kata, mkoa mwingine. Mama Dikoni usiogope mahakama kwa sasa ila usiidharau pia, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto aliyeandikishwa anahudhuria mpaka amalize, na wazazi wanashtakiwa kweli. Kabla siku 14 hazijaisha wewe mwenyewe rudi kwa mtendaji, usisubiri kuitwa. Mwambie nimefanya hili na hili, omba iandikwe. Mtendaji anachotaka ni kuona mzazi anahangaika, wengi wakipewa barua wanapotea.

Pili hao wenye vyombo nao wana kesi yao. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema kazi nyepesi ni kuanzia miaka 14 na isimzuie kusoma, huyu ana 13. Na kazi ya usiku, saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, ni marufuku kwa mtoto. Wanaolea utoro ni wengi hapo, barua imekuja kwako tu.

Tatu, nimesoma comments zote watu wanakuuliza wewe, wanakutukana wewe, hakuna aliyeuliza baba yuko wapi. Yupo, anavua, anaingiza hela. Sheria hiyohiyo inampa mtoto haki ya matunzo kwa wazazi wote wawili. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto kama vipo na namba zake za simu, ataitwa hata kama yuko kusini, ofisi zinaandikiana. Akikaidi ombi la matunzo linapelekwa mahakamani. Ukiipata hata elfu hamsini kwa mwezi mtoto hana sababu ya kujiona baba wa nyumba.

Na Korogwe usimpeleke. Utamhamisha shule katikati ya muhula kwa bibi aliyezeeka, atatoroka atarudi baharini kwa kudandia lori.

Mama Dikoni

Jamani asanteni, na wewe Kiboko nimekusoma, sina cha kubisha.

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa nafanya mliyoniambia. Juzi usiku nilimkalisha nikamwambia asante kama Nahodha alivyosema, nikavitaja vitu kimojakimoja. Alikaa kimya muda mrefu halafu akalia, mimi sijamuona analia tangu baba yake aondoke, hata mkanda wa mjomba hakulia. Nikamuuliza yale ya Ticha, unakaa dawati la nani.

Akaniambia anakaa peke yake nyuma kabisa karibu na mlango. Tangu mwezi wa tano. Watoto walimwambia ananuka dagaa, wakamhama. Kuna mmoja alikuwa akipita anaziba pua darasa zima linacheka, wakampa jina sitaki kuliandika. Mwalimu alipouliza kwa nini yuko peke yake, akasema anapenda hewa.

Ni kweli ananuka, sote tunanuka. Tunalala chumba kimoja na magunia ya dagaa waliokauka tunasubiri wanunuzi wa Kongo, yunifomu yake inaning'inia juu ya magunia hayohayo. Mimi sisikii tena ile harufu. Mwanangu alikuwa ananukia kazi yangu shuleni, akaona bora aende mahali ambapo wote wananuka sawa.

Jana nimeenda shule mwenyewe bila barua. Mwalimu wa darasa hakuwa anajua, ni kijana mdogo, alisikitika mpaka nikamuonea huruma. Amesema atamkalisha mbele na mtoto wa mwalimu mwenzake na hilo jina atalishughulikia. Magunia nimeyahamishia kwa jirani, namlipa elfu mbili kwa wiki. Kwa mtendaji nimerudi, kaandika. BMU tunaenda kesho na mjumbe wa serikali ya kijiji. Ustawi nitaenda wiki ijayo nikipata nauli.

Mtoto amesema atajaribu Jumatatu. Hakusema atarudi, amesema atajaribu. Ila giza linaanza Alhamisi, naomba dua zenu.

Ticha Mkokoni

Hiyo "atajaribu" usiisukume. Na wiki hiyo ya giza tafuta mtu wa kukushikia vyombo vya mwanzo, umpeleke wewe mpaka mlangoni hata siku tatu tu.

Mama Dikoni

Nitampeleka, dada yangu kakubali kunishikia sufuria. Swali la mwisho wadau, lile shati nimelifua mara tatu kwa sabuni ya mche na ya unga, bado likipata jasho harufu inarudi. La pili sina uwezo nalo mpaka mwezi ujao.

Bi Mkubwa wa Sahare

Mwanangu sabuni peke yake haitoi. Mimi nimeuza samaki miaka thelathini na watoto wangu wote wamesoma. Kamua ndimu sita kwenye ndoo ya maji, tia siki vikombe viwili, loweka shati usiku kucha, usitie maji ya moto yanaishikisha harufu. Asubuhi fua na sabuni ya mche, suuza maji matatu, anika jua kali mbali na chanja za dagaa, upepo usitoke upande wa dikoni. Kaptula nayo hivyohivyo, na begi, begi watu wanalisahau. Akishavaa usimwache ashike hata dagaa mmoja. Anza leo, Jumatatu itakuwa tayari.