Naombeni ushauri: nimechonga fuvu, bibi ananiuliza ni kitwa cha nani

FundiPatasi (Lamu)
Asalam alaykum ndugu zangu, na wasio Waislamu hamjambo. Mimi kijana wa miaka 29, fundi wa kuchonga hapa Lamu, mtaa wa Langoni, kazi nimeirithi kwa ami yangu. Nachonga milango, makasha, viti vya enzi, fremu za vioo, zile nakshi zetu za maua na mnyororo mnazozijua. Kuna jambo linanisumbua wiki ya tatu hii na wenzangu hapa karakana washagawanyika pande mbili kwaio siwezi kuwauliza tena.

Ni hivi, tangu niko shule napenda mafuvu. Ilianza na tisheti nyeusi ya mitumba ambayo niliivaa mpaka ikatoboka kwapani, halafu nikanunua pete ya chuma Mombasa shilingi 300, kava ya simu, stika kwenye sanduku la vyombo vyangu. Sio kwamba napenda kifo wala sina mambo ya kishirikina, swala tano naswali. Ni lile umbo. Ukiwa mchongaji ukitizama fuvu utanielewa, paji linakuja taratibu limeviringana kama mgongo wa kijiko halafu ghafla linaanguka kwenye tundu la jicho, na pale kwenye ukingo mti ukiubakisha mnene fuvu linakua kama toi la mtoto, ukiupunguza sana unavunjika. Ua nimechonga maelfu, mkono unakwenda wenyewe hata nikiwa nawaza mambo mengine. Hili lilinikataa.

Basi mwezi uliopita nikapata kipande cha mwembe kilichobaki kwenye kasha la mtu, nikakaa nacho usiku 11 baada ya isha, bobari ndogo, tupa, msasa. Nikatoa fuvu saizi ya kichwa cha mtu kabisa. Taya nimelichonga peke yake nikalishika kwa vijiti viwili vya mti, linafunguka na kufunga. Wallahi sijawahi kufanya kazi nikairidhia vile. Nikaliweka sebuleni kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kwenye kile cha katikati.

Bibi yangu akaingia asubuhi, akasimama mbele yake kitambo, akaniuliza, "Mwanangu, kitwa cha nani hiki?" Nkamwambia bibi si cha mtu, ni mti, nimechonga mimi. Akauliza tena vilevile, kitwa cha nani. Tangu siku ile hakai sebuleni, kahawa yake anainywa uani hata jua likiwa kali. Hajanigombeza, hajaniambia toa. Hilo ndo linaniumiza zaidi.

Na la pili, mgeni mmoja wa Ulaya ana nyumba Shela aliliona karakana kabla sijalipeleka nyumbani, anataka 6 kama hilo, elfu 9 kila moja, apange kwenye zidaka za ukumbi wake. Elfu 54 na msimu wenyewe mnaujua ulivyokua mkavu. Nichukue hiyo kazi? Na hili langu nilifanyeje? Na kama kuna mtu anaweza kunieleza kwanini sisi wengine tunavutwa na kitu hichi na wengine wakikiona wanatoka nje, nitashukuru sana.

Mama Rukia
Mwanangu litoe leo hii usingoje kesho. Bibi mtu mzima kunywa kahawa juani ndani ya nyumba yake mwenyewe? Fuvu tumelijua sote tangu utotoni, liko kwenye transfoma limeandikwa HATARI, liko kwenye kopo la sumu ya panya. Wangu wa miaka minne hajui kusoma lakini ile picha akiiona anarudi nyuma. Sasa wewe unaipamba nyumbani. Radhi za bibi kwanza, hayo mengine yatafuata.

Ustadh_mdogo
Wa alaykum salam kaka. Nitasema kwa kiasi cha elimu yangu, na wewe uende ukakae na sheikh wako pale mtaani, Lamu haijapungukiwa na masheikh. Mas-ala ya kuchonga sura za viumbe wenye roho wanavyuoni wamekaza sana, na wengi walipoulizwa sura ni nini walisema sura ni kichwa. Ndo maana ukitembea mji wenu mzima milango imejaa maua na minyororo wala huoni nyuso. Wapo watakaokwambia fuvu halina roho tena kwaio si kama sanamu la mtu aliye hai. Hapo sitakukatia hukumu.

Lakini niseme na upande wa pili, kukumbuka mauti si vibaya. Mtume s.a.w. ametuhimiza tuzuru makaburi kwa sababu yanakumbusha akhera. Sasa jiulize wewe mwenyewe, lile fuvu kwenye zidaka linakukumbusha nini? Mauti, au ufundi wako?

Duka_la_Pwani (Malindi)
Mie nauza nguo na mapambo hapa Malindi mwaka wa 12 huu, na nakwambia fuvu linatembea. Vitambaa vya kichwa, bangili, mikoba, stika za bodaboda na tuktuk, nikileta yanaisha. Wanaonunua si wahuni kama watu wanavyodhani, wengi ni vijana wapole na kina mama wa Kizungu wa makamo. Nimewauliza wengi kwanini. Vijana wengi wanasema inawapa ujasiri, kama mtu umeshamvaa anaekutisha basi hana tena la kukutisha. Maharamia wa zamani walipandisha bendera ya fuvu miaka ya 1700 huko ili merikebu ya mbele isalimu amri kabla ya vita, sasa kijana wa boda anapandisha ileile kwenye tanki la mafuta.

Ila nataka nikupe moja nililoambiwa na mzee wa Kiitaliano mteja wangu, kwao ni Napoli. Anasema mjini kwao kuna pango kubwa la mifupa linaitwa Fontanelle, mafuvu maelfu, watu wa tauni na mafukara waliokufa bila kuzikwa kwa majina yao. Wanawake wa mtaa walikua wanakwenda, kila mtu anachagua fuvu moja, analipangusa, analiwekea kitambaa, analiombea, na wengine wanalitengenezea kijisanduku. Halafu wanangoja ndoto, kwamba yule marehemu atakuja usingizini aseme jina lake. Mwaka 1969 askofu mkuu wa kule akapiga marufuku. Yule mzee mamake alikua na fuvu lake, na aliponisimulia alikua anashika fuvu la plastiki kwenye meza yangu, akalirudisha taratibu kama yai.

Nimesoma swali la bibi yako nikaikumbuka hiyo. Wale nao walikua wanauliza kichwa cha nani.

Nesi_mtarajiwa
Fundi, kazi yako nimeipenda sana kwa maelezo tu. Mimi nasomea uuguzi, fuvu la mtu mzima ni mifupa 22, na unaoweza kutembea ni mmoja tu, taya la chini, umelijua bila kufundishwa. Kuhusu kwanini linavuta, macho ya binadamu yanatafuta sura kabla ya kitu chochote, hata mtoto mchanga wa siku chache anageukia kinachofanana na uso. Fuvu ni uso uliobaki na vile vinavyotafutwa tu, macho mawili na meno. Na kwa sababu halina midomo linaonekana linacheka. Huwezi kupita bila kulitizama hata ukitaka. Kuna jamaa alinambia hata nazi Wareno waliiita coco kwa sababu yale matundu matatu yaliwaonesha kijiuso. Na sisi wenyewe si tunasema kifuu cha nazi na fuvu la kichwa, bibi yangu mimi alikua anasema bupuru kwa vyote viwili.

Lakini nikuulize, bibi yako ana kisa gani na vichwa? Swali la vile mtu haulizi mara mbili bure.

FundiPatasi
Shukrani nyote. Dada nesi umenigusa penyewe. Bibi alikua muosha maiti. Miaka zaidi ya 30 mwanamke akifa mtaani kwetu wanakuja kumgongea yeye, usiku wa manane, mvua, yeye anachukua kibuyu chake cha maji na anakwenda. Ameacha tu magoti yalipomkatalia. Sikuwahi kuunganisha hayo mambo mawili mpaka ulipouliza, nikakaa na simu mkononi.

Mnyalu_255
Habari za huko Kenya. Mimi ni wa Iringa, nitawapa la kwetu. Mtwa Mkwawa, chifu wetu Wahehe, alipigana na Wajerumani miaka mingi, mwaka 1898 akajiua asishikwe. Wakamkata kichwa kikapelekwa Ujerumani. Vita vikuu vya kwanza vilipoisha, kwenye mkataba wa Versailles wa 1919 kuna kifungu cha 246 kabisa kinasema Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa. Mkataba wa dunia nzima, mna fuvu la mtu mmoja wa Uhehe humo ndani. Likarudi 1954. Sasa liko Kalenga kwenye kasha la kioo, nilipelekwa na shule nikiwa darasa la tano, mwalimu alitwambia tuvue kofia.

Kwaio fundi mimi nikiona fuvu kwenye tisheti sijisikii vibaya, vijana wavae, ni picha. Ila kuyapanga sita sita ukutani kwa mtu wa Ulaya, hapo moyo wangu unakataa. Waliyapanga ya kweli kwenye rafu zao kwa namba, ya Wahehe, ya Wachaga, ya Waherero wa Namibia. Najua mteja wako hana nia hiyo na wewe una njaa yako. Nasema tu ninavyosikia.

Mwana_wa_Kaya (Malindi)
Mnyalu umesema. Sisi Wagiriama tuna vigango, nguzo za kuchongwa tunazowasimamishia wazee wa Gohu, chama chetu cha wazee, waliokufa. Havina fuvu, kichwa ni duara tu, kifua kimechorwa pembetatu pembetatu, lakini kigango ni mtu, ndio yeye mwenyewe, hakisogezwi hata kikiliwa na mchwa. Vikaibwa vikauzwa, vikaenda kusimama kwenye sebule na makumbusho za Marekani. Makumbusho moja ya Denver iliamua kurudisha 30. Hao walionunua si ajabu walivipenda kweli, kama wewe unavyopenda fuvu lako, kwa umbo. Umbo ni zuri mimi sikatai. Lakini kuna nyumba huku ng'ambo ya Sabaki mzee anamjua aliyekuwa amesimama pale, na pale pana shimo.

Lako wewe halijatoka kwenye kaburi la mtu. Hiyo tofauti ni kubwa, usijibebeshe dhambi isiyo yako.

Bint_Pate
Nami nichangie. Fundi umekaa Lamu ukadhani mafuvu yamekuja na tisheti. Al-Inkishafi, ule utenzi wetu wa zamani, unaijua? Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotaka kuuonya moyo wake hakuchora bupuru, aliutizamisha moyo majumba ya Pate yaliyobaki magofu. Zidaka zilizokua na sahani za Kichina zimekua viota vya ndege, kumbi zina popo. Hicho ndicho kifo kwetu, kidaka kitupu. Mimi nimezaliwa Pate, nimecheza kwenye zile kuta, nilikua naingiza mkono kwenye zidaka natoa vumbi na kinyesi cha popo, na mama yangu ananiita nitoke kabla ya magharibi.

Wewe umekitia kichwa ndani ya kidaka, umesema jambo lilelile mara mbili na kwa sauti kubwa. Pengine bibi angekaa na fuvu likiwa pengine popote, na pengine angekaa na kidaka kitupu. Viwili pamoja vimemshinda. Nenda ukamuulize, usituulize sisi.

Mama Rukia
Bint Pate umenitoa machozi. Nakubali, kijana akamuulize kwanza.

FundiPatasi
Nimerudi, samahanini siku nne zimepita. Juzi baada ya alasiri nilimfuata bibi uani, nikalichukua lile fuvu nikalifunika kwa kanga nikaenda kukaa karibu yake. Nkamwambia bibi nisamehe, nieleze ulichokiona. Akanambia nifunue.

Akalipokea kwa mikono miwili, mmoja nyuma ya kisogo mmoja chini ya kidevu, sikuwahi kumuona anashika kitu vile. Akaligeuza akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa jicho, akasema umefanya kazi njema. Halafu taya likafunguka, vile nilivyolichonga lifunguke, akashtuka akalifunga haraka na kiganja. Akanambia, huyu hakufungwa kidevu. Kazi ya kwanza kabisa, mtu akikata roho unamfumba macho na unamfunga kidevu kwa kitambaa, ukichelewa mwili unakauka na mdomo unabaki wazi, na hiyo ni aibu ya walio hai, ina maana alikufa hana mtu. Kila aliyemuosha alimjua jina na jina la mamake, na walio wageni wa kupita aliulizia mpaka akaambiwa. Alipoliona langu pale juu mdomo wazi alidhani nimeleta mtu asiyekua na wenyewe.

Nikamuuliza nilitupe? Akasema mti huu una kosa gani. Akanituma chumbani kwake, kwenye kasha lake kuna bafta, kile kitambaa cheupe cha sanda, imekunjwa, nikakata kipande cha upana wa vidole vitatu. Akalifunga mwenyewe, kutoka chini ya kidevu kupita masikioni mpaka utosini, fundo likakaa upande. Magoti yanamuuma lakini vidole havijasahau.

Mteja wa Shela nimempigia nikamwambia vichwa sitachonga, naweza kumfanyia fremu za vioo na kasha moja. Amechukua fremu mbili, elfu 14. Pete bado naivaa, bibi hajaisema. Fuvu liko karakana juu ya rafu ya patasi na bafta yake, na kahawa ya asubuhi bibi amerudi kuinywa sebuleni.