PC200 inapoteza nguvu ikipata moto: ninunue geji ya ngapi na fitingi gani za kupimia presha?

mzee_wa_kijiko:
Wakuu habari za mihangaiko. Nina kijiko (ekskaveta) Komatsu PC200-8 iko kwenye kokoto huku Lugoba, asubuhi inapiga kazi vizuri tu ila oili ikishapata moto bumu (mkono mkubwa) inapanda kwa kujivuta. Kila fundi anayekuja anasema pampu imekufa tubadilishe, na hakuna hata mmoja aliyepima. Nimeona bora ninunue geji zangu. Kuna duka Gerezani wana geji ya bar 400 yenye thredi ya robo inchi, wanadai hiyo moja inatosha mashine nzima. Ni kweli? Na fitingi nichukue zipi?

fundi_gt:
Ya 400 achana nayo mkuu. Relifu kubwa, yaani valvu ya kuachia presha ikizidi, kwenye hiyo mashine inafungukia kama bar 348, opereta akibonyeza kitufe cha nguvu inaenda 373 hivi, sasa hapo mshale umebakiza kidogo ugonge mwisho, presha ikiruka mara moja tu geji ndo basi tena. Chukua ya 600 yenye glisarini ndani, isiyo na glisarini mshale unatetemeka husomi kitu. Halafu ongeza ya bar 60 kwa ajili ya pailoti, ile presha ndogo ya leva inayoamrisha valvu kubwa, maana pailoti ni bar 30 na kidogo tu. Geji ya 600 ya klasi 1.6 (yaani kosa la asilimia 1.6 ya kipimo chake chote) inaruhusiwa kukosea karibu bar 10 juu au chini, kwenye 348 si neno, ila kwenye pailoti hiyo ni karibu theluthi nzima, utaiita mbovu kumbe nzima. Ila hiyo ndogo usije ukaichomeka kwenye laini kubwa, itapasuka.

Kijiko254:
Boss, kabla ya geji maliza story ya thredi. Plagi za kupimia kwa hiyo Komatsu ni M10 kwa 1.25 (upana milimita 10, meno yakipishana milimita 1.25), hiyo robo yako haiingii bila adapta. Na uliza kama hiyo robo ni BSP ama NPT, aina mbili za thredi za inchi, ya kwanza ina meno 19 kwa inchi, ya pili 18, zinashikana raundi mbili tatu unadhani imekubali, ukikaza na spana unaharibu thredi ya pampu. Mimi huweka test pointi (nipeli za kuchomekea geji) za M16 kwa 2 na hosi nyembamba ya mita 2 iliyoandikwa bar 630, inafungwa na mkono tu. Thredi tepi waachie mafundi wa maji, kipande chake kikiingia kwa valvu utalia. Weka o-ringi ama washa ya chuma yenye mpira ndani.

mzee_wa_kijiko:
Asanteni sana. Hosi naweza kuipitisha hadi kwenye kebini nisome huku navuta leva?

fundi_gt:
Hapana kaka, geji ibaki nje, asome mtu mwingine. Na kabla hujagusa plagi, shusha baketi chini, zima injini, chezesha leva zote, legeza mfuniko wa tanki lipumue. Kuvuja usitafute kwa kiganja, tumia kipande cha boksi, ile oili inatoboa ngozi na ikishaingia ni hospitali kupasuliwa, hata kama kidonda kinaonekana kama tundu la sindano. Pima oili ikiwa nyuzi 45 mpaka 55, kisha rudia ikiwa na ule moto unaokusumbua.

haidroliki_mwanza:
Naongezea, geji haikuambii oili inatoka kiasi gani. Ukivuta bumu mpaka silinda ifike mwisho hata pampu iliyochoka inaweza kukupa 348 safi. Kwa hiyo ukikuta presha iko sawa na bumu bado inajivuta, hapo tafuta mtu mwenye flo mita, ile ya kupima wingi wa oili inayopita. Ila anza na pailoti ikiwa moto, kwenye hiyo mashine inapitia valvu ya kupunguza presha, ikishuka sana hapo pampu mnaionea bure. Ukipima weka namba hapa tuzione.