Wosia na kituo cha Mafinga

Kamwene ndugu zangu,
Nyumba yangu hapa Reading, Uingereza, nimemaliza mkopo, na wanangu wanajitegemea. Nataka fungu la mali yangu liende kwa kituo cha yatima Mafinga, nyumbani Tanzania. Nianzie wapi?
Dada wa Mufindi

Kamwene dada,
Anza kwa kupiga simu Mafinga, mwanasheria baadaye. Uliza kituo kimesajiliwa kwa jina gani na mali zake anashika nani. Marehemu baba yangu mdogo, wa hapa Leicester, aliandika tu "pauni 5,000 kwa zahanati ya kijijini kwetu", huko Rungwe. Serikali ya kijiji ikasema zahanati ni yake, waumini walioijenga nao wakasema ni yao. Msimamizi wa mirathi akakaa na hela miaka miwili. Vituo vingi vya dini nyumbani humiliki mali kupitia wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Kama chenu ni hivyo, nakili jina la wadhamini kama lilivyo kwenye cheti, hata kama ni refu kama treni ya TAZARA.

Halafu kodi. Hapa mali inayozidi pauni 325,000 hukatwa asilimia 40 (ukiwaachia watoto nyumba, hicho kiwango cha 325,000 kinaweza kupanda). Unachoachia hisani hakikatwi, na kikifika asilimia 10 ya mali inayohesabiwa, kodi ya kinachobaki hushuka hadi 36. Ila tangu Aprili 2024 nafuu hiyo ni kwa mashirika ya Uingereza tu, kwa hiyo ukiandika Mafinga moja kwa moja huipati. Tafuta shirika lililosajiliwa hapa linalofanya kazi huko, uweke na namba yake ya usajili. Mimi ningeandika asilimia, si kiasi. 5,000 za baba mdogo zilikuwa zimeshapungua nguvu siku ya kutolewa.

Mashahidi wawili wakuone ukitia sahihi, wakiwa pamoja. Mwanao asiwe shahidi, atakosa fungu lake.
Kaka wa Tukuyu

Na shamba la nyumbani je?
Kijana wa Njombe

Mdogo wangu, la huko liandikie wosia wake Tanzania. RITA huandika na kutunza. Ila soma mstari wa kwanza wa ule wa hapa. Mara nyingi unasema "nafuta wosia wowote wa awali", na wa shamba unakwenda na maji.
Kaka wa Tukuyu

Ahsante kaka. Nimepiga Mafinga. Sista mwenyewe hakuwa na uhakika wa jina, amekwenda kutafuta cheti kabatini.
Dada wa Mufindi