Peyrepertuse, Quéribus na korongo la Galamus kwa siku tatu: tupangeje?

Mdodosi

Wakuu, salaam. Mwisho wa Septemba tutakuwa watu wanne kusini mwa Ufaransa, milima ya Corbières, siku tatu kamili. Tunashuka treni Perpignan. Nia yetu ni magofu ya Peyrepertuse na Quéribus, korongo la Galamus, na ikiwezekana ngome ya Montségur. Naomba wanaopafahamu wanisaidie haya:

1. Gari ni lazima, au basi linatosha? Dereva wetu ana leseni ya Tanzania.
2. Tunaye mzee wa miaka 68, goti moja linamsumbua. Apande wapi, abaki wapi?
3. Korongo linapitika kwa gari? Kuoga mtoni je?
4. Montségur inaingia kwenye siku tatu hizo?

Kona_Kali

Mkuu, gari ni lazima. Basi la mkoa, liO, linafuata barabara ya D117 kupitia Maury na Saint-Paul-de-Fenouillet, lakini linakuacha bondeni. Kutoka Maury hadi Quéribus ni kama kilomita 8 za kupanda, na Peyrepertuse iko mbele zaidi. Teksi huko ni ya kuagiza mapema kwa simu, husimamishi barabarani.

Kodini gari dogo, na nasema dogo kweli. Barabara ya Galamus imechongwa ubavuni mwa jabali na kuna sehemu magari mawili hayapishani. Makaravani na magari ya kulala hayaruhusiwi kabisa. Magari mengi ya kukodi ni ya gia za mkono. Kama dereva amezoea usukani wa kulia, lipeni zaidi mpate la otomatiki na muweke nafasi mapema, maana si mahali pa kujifunzia kubadili gia kwa mkono wa kulia huku ukikumbuka kukaa upande wa kulia wa barabara.

Leseni ya Tanzania inakubalika kwa mgeni wa muda mfupi, ila iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva au tafsiri rasmi ya Kifaransa. Kibali hicho hutolewa na nchi iliyotoa leseni, kwa hiyo kishughulikieni kabla ya safari. Jambo jingine linalokwamisha watu kaunta ni dhamana: kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe. Kadi ya kulipia kabla hukataliwa hata kama pesa ya gari ilishalipwa kwenye intaneti.

Njia ninayoipendekeza: siku ya kwanza Perpignan, D117 hadi Maury, pandeni D19 hadi kwenye kilele cha njia panapoitwa Grau de Maury, Quéribus ikiwa hapo hapo juu yenu. Laleni Cucugnan au Duilhac. Siku ya pili muwe Peyrepertuse geti linapofunguliwa, kisha D14 kupitia Rouffiac na Soulatgé hadi Cubières, mshuke Galamus hadi Saint-Paul. Siku ya tatu iacheni wazi. Najua inauma kuacha siku wazi wakati tiketi zimelipiwa, lakini upepo wa huko ndio unaopanga ratiba, si ninyi.

Vijijini angalieni kulia. Pasipo na alama, anayetokea kulia kwako ana haki ya kupita, hata kama anachomoza kichochoroni na trekta la zabibu. Na mwisho wa Septemba mavuno ya zabibu yanaweza kuwa hayajaisha, kwa hiyo matrekta yapo.

Mama wa Magofu

Naongezea kuhusu mzee, maana swali hilo ndilo gumu.

Quéribus: njia kutoka maegesho ni fupi, kama dakika 15, lakini karibu yote ni mwinuko na ngazi za mawe zisizolingana urefu. Peyrepertuse: kutoka maegesho unazunguka mlima kwa njia ya kichakani yenye mawe na mizizi, dakika 15 hadi 20, ndipo uingie. Ndani mwenyewe ngome ina urefu wa kama mita 300 juu ya mgongo wa jabali, na jiwe lake ni chokaa lililosuguliwa na miguu ya watu mpaka linateleza hata likiwa kavu. Goti bovu halilalamiki sana kwenye kupanda, linalalamika kwenye kushuka. Kwa hiyo ushauri wangu: Quéribus ajaribu, taratibu, na fimbo mbili za kutembelea, Peyrepertuse akipenda afike sehemu ya chini tu. Ile ngazi ya Mtakatifu Louis inayopanda hadi San Jordi, sehemu ya juu kabisa ya ngome, iliyochongwa kwenye mwamba na kuwekewa kamba ya kushikilia, aiache. Hiyo hufungwa hata kwa wenye magoti mazima upepo ukichacha.

Palipo rahisi zaidi ni Aguilar, karibu na Tuchan: kilima cha chini, na matembezi ni dakika 10 hivi. Kuna pia Villerouge-Termenès, ngome iliyo katikati ya kijiji, hamna mlima wa kupanda. Hapo ndipo Guilhem Bélibaste, kiongozi wa mwisho anayejulikana wa Wakathari wa Languedoc (Wakristo walioitwa wazushi na Kanisa Katoliki), alipochomwa moto mwaka 1321.

Mkiwa ndani msikimbilie picha. Quéribus ingieni ukumbi wa nguzo: nguzo moja imebeba dari yote, mbavu za mawe zikitawanyika kutoka kichwani mwake. Simameni hapo kidogo macho yazoee giza, kisha pandeni ngazi ya mzunguko hadi juu, muone mlima Canigou (mita 2,784) upande mmoja na bahari upande wa pili. Peyrepertuse tafuteni mabirika ya maji ya mvua. Juu ya jabali kama lile hakuna kisima, na ngome isiyo na birika haikai kuzingirwa hata wiki chache za kiangazi.

Na vibao vya utalii vikiandika "ngome za Wakathari", msivisome kwa haraka. Ni kweli wakimbizi wa Kikathari walijificha maeneo hayo, na Quéribus ilianguka mwaka 1255, miaka 11 baada ya Montségur. Lakini kuta nyingi mtakazoziona zilijengwa au kujengwa upya na wafalme wa Ufaransa kulinda mpaka na ufalme wa Aragon, uliothibitishwa kwa Mkataba wa Corbeil wa 1258. Mwaka 1659 mpaka ukasogezwa kusini hadi Milima ya Pirenei, ngome zikabaki hazina kazi. Kabla ya hapo adui aliyetarajiwa alikuwa anatoka kusini.

Maji_Baridi

Galamus sasa. Mto ni Agly, unaanzia miteremko ya Bugarach, kilele kirefu kuliko vyote vya Corbières (mita 1,230). Mvua ya radi ikipiga kule juu, maji yanajaa kwenye korongo hata kama kwenu jua linawaka. Wanaoteremka korongoni kwa kamba na kuruka madimbwi hawana njia rahisi ya kutokea katikati, kwa hiyo msiingie bila mwongozaji mwenye diploma ya serikali na suti ya kuzuia baridi. Mzee na wapiga picha wanatosheka na barabara.

Njia nzuri: egesheni upande wa kusini, wa Saint-Paul, kisha tembeeni juu ya barabara yenyewe. Kutoka maegesho kuna njia ya kushuka, yenye ngazi na handaki fupi, hadi kanisa la pangoni la Mtakatifu Antoni. Kushuka ni dakika chache, kurudi mtahema.

Vinavyofunga njia ni vitatu. Kwanza, upepo wa kaskazini-magharibi, tramontane, ambao unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo chini ya anga ya buluu isiyo na wingu. Watu hudanganyika na anga. Pili, moto. Kiangazi mkoa huweza kufunga njia za msituni kwa amri ya siku hiyo, na baada ya moto mkubwa wa Agosti 2025 ulioanzia Ribaute hakuna anayeleta mzaha. Msivute sigara, msiwashe jiko la gesi nje. Tatu, mvua za vuli: Oktoba 2018 mafuriko ya Aude yaliua watu usiku mmoja. Kila jioni tazameni ramani ya tahadhari ya Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa. Wilaya zenu ni mbili, Aude na Pyrénées-Orientales, maana mpaka unapita hapo hapo korongoni. Rangi ya chungwa ikitokea, siku hiyo si ya jabali wala ya mto. Dharura ni 112.

Mdodosi

Asanteni sana, wakuu. Mama, shikamoo. Montségur bado inanivuta. Na chakula na mafuta vikoje?

Mama wa Magofu

Marahaba. Montségur ni karibu saa mbili kwa gari kutoka Cucugnan, na kilima chake kinafika mita 1,207, nusu saa ya kupanda kwa mguu mzima. Kwa siku tatu mtakuwa mnaangalia vioo vya gari tu. Iwekeni safari nyingine, mlale Foix au Lavelanet.

Kona_Kali

Mafuta jazeni Perpignan. Pampu zisizo na mhudumu zinataka kadi yenye namba ya siri, na huzuia kwa muda euro 100 au zaidi kabla ya kutoa tone, kwa hiyo kadi yenye salio dogo inakataliwa. Mikahawa ya vijijini hupika kati ya saa 6 na saa 8 mchana. Mkishuka Peyrepertuse saa 8 na nusu mtakuta jiko limezimwa na duka limefungwa. Bebeni mikate, na maji lita moja na nusu kwa kila mtu.