Kampuni za kuhifadhi tovuti, kwa nini mnaacha /proc wazi? Nywila za wateja zinasomwa na yeyote

Wakuu, hili limenikera na sitalinyamazia. Nina tovuti za wateja kwenye seva ya kuchangia (mashine moja, wateja wengi), kampuni siitaji. Juzi bakapu ilikwama, nikaingia kwenye seva kwa SSH (njia ya kuandika amri ukiwa mbali), nikaandika `ps aux`, amri ya kuorodhesha programu zinazoendeshwa. Badala ya kuletewa kazi zangu tu, nikaletewa za seva nzima. Mstari mmoja ulikuwa skripti ya PHP ya kutuma SMS, ya mtu nisiyemjua kabisa, na mbele ya `--pass=` nywila yake imeandikwa yote, herufi kwa herufi. Sikudukua kitu. Ni akaunti ya kawaida, ya bei ya chini kuliko zote.

Kwa asiyejua: /proc siyo folda iliyoko kwenye diski. Ni kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo wa Linux unaoendesha seva, inayotoa taarifa zake kwa sura ya mafaili. Ukipiga `ls -l` mengi yanaonyesha ukubwa 0, lakini ukilifungua moja maandishi yanatengenezwa papo hapo. Kila programu inayoendeshwa ina folda yenye namba yake, na humo kuna `cmdline`, yaani amri nzima pamoja na kila kilichofuata nyuma yake. `environ`, yenye mipangilio ambayo programu ilipewa ilipoanza, angalau imefungwa kwa wengine. `cmdline` inasomwa na kila mtu, labda msimamizi wa seva aizuie.

Na kuizuia ni neno moja tu! Niliangalia `/proc/mounts`, inayoonyesha /proc imewekwa kwa machaguo gani, nikakuta hivi:

`proc /proc proc rw,nosuid,nodev,noexec,relatime 0 0`

Hidepid, chaguo la kuficha kazi za mtu mmoja kwa wengine, haipo. Chaguo hilo limo kwenye Linux tangu toleo la 3.3, mwaka 2012. Msimamizi anaandika `mount -o remount,hidepid=2 /proc`, anaongeza na kwenye faili la mipangilio `/etc/fstab` ili seva ikiwashwa upya lisipotee, basi. Kila mteja anabaki kuona kazi zake mwenyewe.

Nimewaandikia huduma kwa wateja. Jibu la kwanza: "hiyo ndiyo hali ya kawaida ya Linux". Ndiyo, kiwanda kinakuja hivyo, kwa kompyuta ya mtu mmoja haina shida. Ninyi mmepanga wapangaji nyumba moja! Jibu la pili: nihamie VPS (seva pepe ya peke yangu), nilipe zaidi. Kwa hiyo faragha ni bidhaa ya ziada? Jibu la tatu, eti hidepid itavuruga systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux. Hapo kuna ukweli kidogo, systemd-logind, sehemu yake inayofuatilia watu wanaoingia, huwa inasumbuka isipoona programu za watu wengine. Ndiyo maana kuna `gid=`: unatengeneza kundi, unaiingiza logind humo, inaona kila kitu na wateja hawaoni. Mtu anayelipwa kusimamia seva hawezi kushindwa hilo.

Msiniambie kosa ni la yule aliyeweka nywila kwenye amri. Ni kweli inafaa ikae kwenye faili lenye `chmod 600`, yaani linalosomwa na mwenyewe tu. Lakini yule labda ni mwalimu au mwenye duka aliyefuata maelekezo aliyopewa, na hajui kama kuna jirani anasoma.

Mwenye akaunti kwenye seva ya kuchangia aandike `grep hidepid /proc/mounts`. Ikikaa kimya, maana yake chaguo halipo; apige `ps aux` aangalie kama anaona kazi za wengine, halafu aniambie hapa. Majibu nitawapelekea hao jamaa kwenye tiketi ileile, na wasipobadilisha nawahamisha wateja wangu wote.